Loki Niliyomfungia Bi Riziki

Nyinyi vijana mnaofungua difu siku hizi huku simu imeegemezwa kwenye boksi la spana inakuonesheni pa kuanzia, nisikilizeni kidogo. Mtanisamehe nikizungumza huku nnakaa na kusimama. Tangu niache kazi sijajua kutulia. Binti yangu Zuhura amenichukua nikae kwake Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye uchochoro ambao gari haiingii, zinapita vespa na watu tu. Nyumba nzuri, kuta nene, chakula kwa wakati wake. Lakini mtu aliyekaa Bububu kando ya barabara miaka thelathini na zaidi, akisikia gari inapita na kujua bila kutizama kuwa beringi yake ya nyuma inakwisha, ukimweka mahala pa kimya anaumwa. Basi nnashuka ngazi, nnakwenda mpaka Darajani, nnasimama pale nnasikiliza magari, nnarudi. Zuhura akiniuliza nimefuata nini, namwambia mkate. Nyumbani kwetu mna mikate mingi sana.

Wengi wenu mnaokuja kunitembelea mnaniuliza jambo hilo hilo: pikapu ya kwenda shamba na pwani, niifunge loki au niifunge difu ya sahani? Mnataka nikujibuni kwa neno moja. Nilikuwa nalo neno hilo zamani, nikilitoa hata kabla sijaulizwa. Siku hizi sinalo, na ntakwambieni lilikopotelea.

Kwanza tuelewane. Difu ya kawaida, lile tumbo la gia katikati ya ekseli ya nyuma, iliyomo kwenye gari nyingi, ina tabia ya kumsikiliza mvivu. Tairi moja ya nyuma ikiwa kwenye mchanga laini na mwenzake kwenye ardhi ngumu, ile ya mchangani inazunguka bure na ile yenye pa kushika inasimama tu, kama mgeni wa harusi asiyejua akae wapi. Loki inazifunga tairi mbili ziwe kitu kimoja. Ikizunguka hii na ile inazunguka, hata kama iko hewani. Difu ya sahani iko katikati: ndani yake mna sahani ndogo ndogo zinazobanana, zinaizuia tairi isikimbie peke yake, lakini hazifungi kabisa. Tairi ikining'inia juu ya jiwe, sahani hazina la kufanya, labda uivute breki ya mkono kidogo uzidanganye.

Na loki zenyewe ni aina mbili. Iko ya swichi, dereva anaibonyeza anapoitaka na kuizima akimaliza. Iko inayojifunga yenyewe: ukikanyaga mafuta inafunga, ukikata kona inajiachia kwa mlio, ta, ta, ta. Hii ya pili ndiyo iliyonitoa usingizi.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Petro, mzaliwa wa Ng'ambo, ambaye wazee wake walitoka bara. Mkristo, mpole, maneno yake machache. Mwaka wangu wa mwanzo niliitia difu ya sahani mafuta ya gia ya kawaida, sijui kuwa difu ile inataka mafuta yake maalumu, yenye dawa ya kuzifanya sahani ziteleze kwa adabu. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa karafuu. Akarudi baada ya siku nne, gari inaguna kila kona. Kabla ya kuja kwetu alishamwita mwalimu aisomee dua, maana mkewe alisema sauti ile si ya chuma. Fundi Petro hakunigombeza. Alinipakia kwenye gari ile ile, akaniendesha mpaka Mtoni na kurudi, akikata kona zote zilizopo njiani na nyengine ambazo hazipo. Tuliporudi akanipa beseni nimwage mafuta.

Alikuwa na mwenendo mmoja ulionichosha. Gari ya shamba haifungui mpaka amepanda na mwenyewe, wamekwenda njia anayopita mwenyewe kila siku. Kama ni Makunduchi, basi Makunduchi. Siku inakwisha hajashika spana. Mimi nikiona anapoteza wakati. Alipofariki gereji ikabaki mikononi mwangu, na jambo la kwanza nililoliacha ni hilo.

Basi asubuhi moja akaja Bi Riziki wa Jambiani, anaendesha mwenyewe, buibui kalikaza kiunoni. Alikuwa analima mwani pamoja na dada yake mkubwa, Bi Pili, na alikuwa akinunua mwani wa wanawake wenzake na kuuleta mjini. Pikapu yake ilikuwa kuukuu lakini imetunzwa. Akanieleza kuwa siku ya bamvua, maji yalipotoka mbali, aliiteremsha gari mpaka mchangani kupakia magunia. Tairi ya nyuma ikazama, na bahari ikaanza kurudi. Wanawake wote waliokuwa pwani walisukuma. Mpaka wanaitoa kwa kamba, maji yalikuwa yameshafika kwenye milango. Bila ya gari ile, mwani wa nusu ya kijiji ungebaki unaoza kwenye magunia. Hakutaka tena siku kama ile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa na loki niliyoletewa kutoka Dubai, ya kujifunga yenyewe, mpya, imo ndani ya boksi lake. Ilikaa rafuni muda mrefu, nikiipangusa vumbi kila nikifungua gereji. Nilikuwa na hamu ya kuiona inafanya kazi. Bi Riziki hajamaliza kusema, mimi nshaikumbuka. Niliitafutia loki yangu gari, na gari yake ikatokea. Sikumuuliza anapita njia gani, wala anarudi kutoka mjini na mzigo au gari tupu, wala tairi zake anazijaza upepo kiasi gani.

Yeye ndiye aliyeuliza. "Na kwenye lami, Fundi?"

Nikamjibu, "Utasikia mlio kidogo kwenye kona. Usishughulike nao."

Loki ikaingia vizuri, na wiki ya pili akaniletea pweza mkavu na salamu kuwa gari inapanda mchanga kama inapanda ngazi. Nikajiona mkubwa. Kila aliyekuja gereji akiwa na pikapu nikawa namhubiria loki.

Masika yakaingia. Siku moja dereva wa watalii, mteja wangu, akanipitia na habari: pikapu ya Bi Riziki imegonga mti Jozani. Walikuwa wanarudi nyumbani, yeye na Bi Pili, wameshashusha mwani mjini, nyuma patupu. Pale msituni barabara inapita chini ya miti, lami imerowa, majani yamejaa. Kima punju wakakatiza njia. Bi Riziki akapunguza mwendo akawapisha, kisha akakanyaga mafuta atoke kwenye kona. Gari ikageuza mkia. Mti ukaingia upande wa Bi Pili, ukamvunja nyonga.

Nilikwenda Jambiani kuwapa pole Bi Pili alipotolewa hospitali. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, ili aone wapitao. Bi Riziki alikuwa amekonda. Akanieleza, mwenyewe kwa mdomo wake, kuwa kosa ni lake, amekanyaga vibaya, na funguo ameshampa kaka yake Makame. Pale dukani kwenye baraza wanaume walikuwa na maneno yao, kwamba usukani si mwiko wa kupikia. Yeye alikuwa ameyakubali. Nikanywa chai yao. Nikasema pole. Nikaondoka.

Pikapu ililetwa kwangu kutengenezwa. Nilipoinyoosha ubavu, nikasubiri siku ya mvua, nikaipeleka Jozani tupu, kwa mwendo wa kawaida tu. Nikafika kona ile, nikapunguza, nikakanyaga mafuta kidogo. Loki ikafunga. Tairi zote mbili za nyuma zikapoteza mshiko kwa pamoja, na mkia ukaondoka kama mtu kaupiga teke. Nilikuwa nimejitayarisha na bado nikaishia majanini. Nikaizima gari, nikashuka, nikaizunguka mara sijui ngapi. Mtu mwenye difu ya kawaida angeteleza tairi moja, ile ya pili ingemshikia mkia. Mimi nilimfungia zote mbili, na nilipoulizwa juu ya lami nilimwambia asishughulike.

Hakuna aliyejua. Waliokuja kuikagua gari walitizama breki na tairi, wakaona nzima. Fundi mtaji wake ni jina, na jina langu lilikuwa mikononi mwangu mwenyewe. Wiki zile sikukaa. Nikafagia gereji asubuhi, nikaifagia adhuhuri. Nikafungua kabureta ya mtu aliyeleta gari kwa ajili ya taa. Nikikaa kula nnainuka, nikiinuka nnasahau nilichoinukia. Mvua ikianza kupiga bati nnatoka nje nnasimama ndani ya mvua, nnatizama barabara.

Kilichonisukuma ni Makame. Alikuja kusema ameshapata mnunuzi, kijana wa Kizimkazi, na gari ataichukua kama ilivyo. Nikaona kijana yule naye anapita Jozani na loki yangu. Nikamwambia Makame gari haijawa tayari. Ijumaa baada ya sala nikaenda Jambiani.

Walikuwapo watatu: Makame, Bi Riziki, na Bi Pili kitandani pake. Nikamwambia Bi Pili shikamoo, akaitikia marahaba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema tu kuwa gari iligeuka kwa sababu ya kifaa nilichokifunga mimi, kwamba nimeijaribu mwenyewe pale pale na imenifanyia vile vile, kwamba nilikuwa na la kumweleza Bi Riziki na sikumweleza, kwa vile nilitaka kuona loki yangu inafanya kazi.

Makame akaanza kupandisha sauti. Bi Riziki akamzuia kwa mkono.

"Mlio ule ulioniambia nisishughulike nao," akasema.

"Ndio huo."

"Tangu siku ile nnajihukumu, Fundi. Nikimgeuza dada yangu kitandani nnajihukumu. Na wewe ulikuja hapa ukanywa chai."

Bi Pili alikuwa ametizama nje. Nikadhani Bi Riziki atanifukuza, lakini akaniambia nivae viatu. Akanipeleka mpaka kwenye baraza ya duka, wanaume wamekaa na dhumna zao, akasimama pembeni akaniambia nirudie niliyoyasema. Nikarudia. Hakuna aliyenitizama usoni. Mmoja akaliweka dhumna lake mezani taratibu, akasema, "Basi haya, tumesikia." Bi Riziki akamgeukia Makame aliyetufuata, akanyoosha kiganja. Makame akampa funguo.

Nilipoteza wateja kwa maneno yale, na walikuwa na haki yao.

Nikaitoa loki, nikairudisha difu yake ya kawaida, kisha nikafanya kile nilichotakiwa kukifanya mwanzo. Nikapanda kiti cha abiria, yeye akashika usukani, tukaenda njia yake yote. Alikwenda kwa gia ya mwanzo mpaka tulipotoka kijijini. Tukapita njia ya maweni, mawe ya matumbawe yametokeza kama meno, tairi moja inapanda na nyengine inaning'inia. Tukateremka pwani. Pale nikashuka nikazibonyeza tairi zake kwa kidole gumba: ngumu kama ngoma. Alikuwa akizijaza upepo wa kubebea magunia kwenye lami, na kwa upepo ule ule anaingia mchangani. Nikazipunguza zote nne mpaka zikatuna kidogo ubavuni, nikamwambia aende. Pikapu ikapita pale pale ilipozama siku ile, na difu ya kawaida, bila loki yoyote.

Akasimamisha gari. "Kwa hiyo mwanzo ulikuwa upepo tu?"

"Mara nyingi ni upepo tu, Bi Riziki."

Nikatizama maji. Nakuombeni hili mlikamate: anayekuja kwenu kutaka loki, kwanza mtoeni upepo, na mumwambie awe na pampu ya kuurudisha kabla hajagusa lami. Wengi watarudi nyumbani hapo hapo. Na kama gari imetoka Japani na hamjui ina difu gani, inyanyueni nyuma yote, gia iwe huru, mzungushe tairi moja kwa mkono. Mwenzake akienda kinyume, ni difu ya kawaida. Wakienda pamoja, mna sahani au mna loki, na msitie mafuta mpaka mjue ni ipi.

Bado Bi Riziki alitaka kinga ya siku mbaya, siku ambayo bamvua inarudi na magunia yamo garini. Safari hii nikamweleza yote. Difu ya sahani ni tulivu zaidi kwa mtu wa lami nyingi na matope ya hapa na pale, ila inataka mafuta yake, sahani zake zinalika kwa mzigo mzito, na pale maweni tairi inapoachana na ardhi haitamsaidia sana. Loki ya swichi inafunga kweli kweli, na ikizimwa gari inakuwa ya kawaida kabisa. Lakini inataka dereva mwenye kumbukumbu: awashe akiwa amesimama au anatambaa, usukani umenyooka, na azime kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu ikiwa imefunga na gari inakata kona kwenye ardhi ngumu, ama mkia utakwenda ama ekseli itakatika. Nikamwambia kuna na njia ya kutofunga chochote, akae na kawaida yake na upepo.

Akauliza mengi. Akauliza mpaka waya unapita wapi. Mwisho akasema, "Nnataka ile ambayo mkono wangu ndio unaofunga na mkono wangu ndio unaofungua. Nikikosea, nijue nimekosea mimi."

Nikaifunga ya swichi. Nikaiweka na taa nyekundu kwenye dashibodi, kubwa kuliko inavyohitajika. Masika yaliyofuata tukapita Jozani pamoja, gari tupu, mvua inanyesha, taa imezimwa. Kwenye kona ile alipunguza, akakanyaga mafuta taratibu, pikapu ikapita kama gari nyengine yoyote. Hakugeuka kuutizama mti. Tulipotoka msituni nikaona jasho limemtiririka mpaka shingoni.

Mpaka leo anaiendesha, na wanaume wa barazani wanampa magunia yao ampelekee mjini. Mimi sikuwahi tena kufungua difu ya mtu kabla ya kupanda naye njia yake. Wengine walinicheka, wengine walikwenda kwa mafundi wenye haraka.

Kuhusu Bi Pili ntakwambieni machache. Nyonga iliunga lakini haikunyooka. Haingii tena baharini, maji yanamwangusha. Anakaa nchi kavu anachambua mwani wanaouleta wenzake, na anatembea kwa bakora. Kila mwaka nnakwenda kumtizama. Sijawahi kusikia kutoka kwake neno baya, wala neno lile jengine nnalolisubiri.

Mara ya mwisho nilimkuta amesimama kando ya barabara, anakwenda mjini hospitali kwa ajili ya mguu, wingu limeshatanda. Pikapu ya Bi Riziki ilikuwa imesimama nyuma yetu mlangoni kwao, inapakiwa, nayo inakwenda mjini.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba, Fundi. Nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo. Nikampokea mkoba wake, maana alikuwa anahangaika nao na bakora, akaniachia. Nikamwambia kuwa gari ya mdogo wake inaondoka sasa hivi, kiti cha mbele kitupu, na nimeikagua mwenyewe asubuhi ile, difu na breki.

"Najua," akasema. "Wewe panda, usije ukarowa."

Sikupanda. Tukasimama pamoja, matone ya mwanzo yakaanza kuanguka, nikafungua mwavuli nikamfunika. Gari ya abiria ikaja, ikasimama. Bi Pili akanyoosha mkono, nikampa mkoba wake, akatanguliza bakora, akapanda.